Jinsi ya kumlisha mzee mwenye meno ya bandia asipaliwe

Julai iliyopita, baridi ya Mafinga ikiwa imekolea, niliitwa kwa bibi aliyekuwa akipaliwa kila mlo. Nyumbani walishamhamishia kwenye uji mtupu, naye alikuwa amekonda. Nikamulika koo kwa tochi mara tatu. Mchana ukaisha kabla sijamwambia, "Bibi, naomba uyavue meno niyaone."

1. Mkalishe kitini. Mgongo wima, nyayo chini. Kitandani hapana.

2. Kagua meno kabla ya kulaumu koo. Seti kamili ya juu hufunika kaakaa, kwa hiyo mzee hahisi vizuri ukubwa wa tonge, joto lake, wala kama limelainika. Isitoshe, taya lisilo na meno huendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka. Meno yaliyomkaa sawasawa zamani, leo yanacheza. Ulimi unaacha kukusanya tonge na kuanza kuyashikilia meno, na chakula kinashuka hakijatafunwa.

Mwambie apanue mdomo. Ya juu yanadondoka? Fizi zina kidonda? Kisha mpe vijiko vichache vya chai vya uji mzito akiwa ameyavaa, halafu akiwa ameyavua. Akipaliwa akiyavaa tu, mpeleke kwa daktari wa meno yakarekebishwe. Akipaliwa kotekote, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, shida inaweza kuwa kooni: apelekwe hospitali. Aliyewahi kupata kiharusi na sasa anapaliwa, usimjaribu nyumbani kabisa.

Ila usikimbilie kuyafungia kabatini. Wapo wazee wanaomeza vizuri zaidi wakiyavaa, kwa sababu taya hupata pa kuegemea na midomo hufunga barabara. Nimeona wazee wakinyimwa meno na chakula cha maana kwa sababu ya kikohozi cha siku moja, na inaniuma. Gundi nayo siikubali iwe dawa ya meno yanayocheza. Inachelewesha tu marekebisho.

Ya yule bibi yalidondoka mara tu alipopanua mdomo. Yalipokazwa, alirudi kula na wenzake.

3. Chagua chakula. Makande ndiyo nayahofia zaidi: maganda ya mahindi hujipenyeza chini ya meno, na mchuzi hutangulia kooni punje zikiwa bado zinatafunwa. Ndizi za Rungwe zilizopondwa, parachichi, ugali laini na maharage yaliyosagika ni salama zaidi. Ugali mkavu hunata. Anayetumia dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya presha huweza kukaukwa mate, basi alowanishe mdomo kwanza.

4. Lisha. Kijiko cha chai, kidevu kisiinuke, ameze ndipo aongezewe. Msimsemeshe.

5. Abaki wima nusu saa.

6. Usiku yavuliwe. Utafiti wa Japani wa 2015 kwa wazee wa miaka 85 na zaidi ulionyesha kuwa wanaolala nayo hupata nimonia karibu mara mbili zaidi ya wasiolala nayo. Yasugue kwa brashi laini na sabuni ya kipande, maana dawa ya meno huyachubua. Kisha yalale kwenye maji ya kawaida. Kwa baridi ya huku, mkono huenda wenyewe kwenye birika. Maji ya moto huyapinda, na yakipinda unarudi hatua ya pili.