Mlenda wa bamia kwa mwenye ini lenye mafuta

Mwaka jana mume wangu alirudi kutoka kupigwa picha ya tumbo akiwa na karatasi: ini lina mafuta. Yeye ni dereva wa lori, Arua hadi Juba, na njia nzima ni soda, chapati na nyama ya kukaanga. Daktari alimwambia apunguze hivyo vyote pamoja na uzito, na ale nyuzinyuzi kwa wingi. Akaja kuniuliza mimi mwenye hoteli: hizo nyuzinyuzi zinapikwaje?

Nikamwambia, ni ule ute wa bamia unaoukimbia kila siku.

Ute huo ni polisakaraidi, yaani sukari nyingi zilizoungana kama shanga kwenye uzi mrefu. Tumbo letu haliwezi kuukata uzi huo, kwa hiyo hauingii kwenye damu kama sukari. Ukikutana na maji unavimba, unateleza, unanasa asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini hutengeneza nyongo kwa kolesteroli. Nyongo ikipungua, linachota kolesteroli kwenye damu litengeneze nyingine. Sehemu ya ute huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nao hutoa asidi ndogondogo zinazolisha ukuta wa utumbo. Ukuta ukiwa imara, sumu za bakteria hazivuji ovyo. Na damu inayotoka kwenye utumbo, mlango wake wa kwanza ni ini.

Kwa hiyo kazi yako jikoni ni moja: usiupoteze ute.

Mimi niliupoteza mara ya kwanza. Nilitia nyanya tatu na limao, nikachemsha karibu saa nzima, nikapakua maji ya kijani. Uchachu na moto mrefu huukata ute. Siku hizi nachagua bamia changa, napinda ncha: ikivunjika tak, naichukua, ikijikunja, imekomaa na ina miti. Naziosha nzima, nazifuta, ndipo nazikata vipande vyembamba. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, umemwaga ulichokitaka. Maji nusu lita yakichemka, natia bamia kumi na mbili, kitunguu, chumvi kidogo, napekecha kwa upekecho, dakika kumi basi. Inua mwiko: uzi ukining'inia bila kukatika, epua.

Kiangazi nakausha. Vipande vinakaa kivulini juu ya ungo mpaka vivunjike kama biskuti, natwanga, nachekecha. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha nusu lita. Nyunyiza kidogo kidogo huku unapekecha. Ukimwaga wote kwa mkupuo utapata madonge makavu ndani, na hayayeyuki hata ukiyalaani.

Anza na bakuli dogo na unywe maji, la sivyo gesi itakufukuza msikitini. Anayemeza dawa za kisukari amwambie daktari wake, kwa sababu ute unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Oti za supamaketi nazo zina polisakaraidi yake, betaglukani. Ni nzuri, ila kwa bei ya pakiti moja mimi nanunua bamia za wiki.

Mume wangu amepungua kilo, lakini sitaipa bamia sifa zote: soda ameacha, na jioni anatembea. Na mlenda hauui virusi. Huku kaskazini mwa Uganda homa ya ini B, inayoletwa na virusi, iko nyingi. Kapime, na ukikutwa huna, chanjwa.

Jambo la mwisho ni karanga. Sisi tunapenda mlenda wenye karanga za kusaga, tukimega enyasa, ugali wetu wa huku Arua. Karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, sumu inayoleta saratani ya ini, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukinunua iliyokwisha kusagwa hujui ilisagwa na nini. Mimi nanunua punje, nazimwaga kwenye sinia jeupe mchana kweupe, natoa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye unga wa kijani, kisha nasaga mwenyewe. Gunia likinuka uvundo, siulizi hata bei.