Nyumba Yenye Watoto Siyo Chumba cha Biharusi

Wengi wetu tulioolewa hapa Pemba tuliikuta nyumba yetu ya mwanzo ikiwa katika siku yake bora kuliko zote: kitanda kimetandikwa shuka mpya, asumini zimetawanywa juu ya mito, udi umefukizwa mpaka mapazia yakanukia wiki nzima, na makochi hayakaliwi ila na wageni. Sura hiyo hubaki kichwani kama kipimo. Miaka kumi baadaye, akiwa na watoto wanne, kazi ya ofisini na mabeseni matatu ya nguo za kufua, mama yule yule huitazama nyumba yake kwa jicho la siku ile na kujiona ameshindwa, ilhali kilichobadilika ni kuwa nyumba sasa inakaliwa. Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kukibadilisha kipimo hicho: kujua kipi nyumbani hakisubiri hata saa moja, na kipi kinaweza kusubiri mpaka mwisho wa wiki bila ya kumdhuru mtu. Mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu kuvitenganisha.

Tenganisha kwanza najisi, uchafu na vurugu

Tunapolalamika kuwa nyumba ni chafu, aghalabu tunachanganya mambo matatu ambayo kila moja lina hukumu yake.

Najisi haisubiri. Mtoto akikojoa ukumbini, kazi nyengine zote husimama. Kosa la kawaida ni kuchukua kitambaa cha kupigia deki na kukipitisha juu ya mkojo huku na huku, kwani hapo umeueneza badala ya kuuondoa. Kausha kwanza kwa tambara kavu utakalolifua baadaye, kisha mimina maji safi juu ya pahala penyewe na uyakaushe. Ukiwa na mtoto mdogo, kunja mkeka au zuria la ukumbini mapema na uache sakafu wazi mpaka atakapojua kusema. Sakafu tupu huoshwa kwa dakika mbili, na zuria likilowa huchukua siku mbili kukauka, au zaidi ikiwa ni wakati wa mvua. Ukumbi utaonekana mtupu, naam, lakini utasali ndani yake bila ya wasiwasi.

Uchafu husubiri kidogo tu. Hapa naweka mabaki ya chakula, vyombo vyenye mafuta, taka za samaki, na maji yaliyotuama. Hili la maji husahaulika kwa kuwa maji yenyewe huonekana masafi: ndoo iliyoachwa uani, kopo, kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya jiko. Mbu huhitaji kiasi cha wiki moja hadi mbili kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo mtu akizunguka uani siku moja maalumu ya kila wiki na kumwaga kila kilichotuamisha maji, huwa ameukata uzazi wao kabla haujakamilika. Kwangu kazi hii ni ya kijana wa miaka tisa, ambaye huifanya kwa furaha kwa sababu inahusu kumwaga.

Vurugu ndiyo iliyobaki, na ndiyo nyingi zaidi. Mikoba ya skuli, juzuu juu ya kochi, ndara tano zisizolingana mlangoni, nguo zilizoanuliwa zikasubiri kukunjwa, gari la kopo la mtoto chini ya meza. Vitu hivi havimtii mtu maradhi na havibatilishi sala ya mtu. Vinachosha jicho tu, na jicho huweza kuzoezwa.

Chagua pahala patatu

Nyumba yenye mtoto anayekwenda skuli asubuhi, mwengine mchana, na wote wawili kupishana baina ya skuli na chuoni, haina saa ambayo hakuna anayeingia au kutoka. Kujaribu kuiweka yote sawa kwa wakati mmoja ni sawa na kufagia pwani. Badala yake, chagua pahala patatu utakapopalinda kila siku, na mengine uyape siku yake. Mimi nilichagua pahala pa kusalia, jiko, na msala wa kuogea na kujisaidia. Pahala pa kusalia ni pembe moja tu ya chumba, yenye mkeka wa ukindu usiokaliwa kwa kazi nyengine. Jikoni nalinda maji ya kunywa, yaliyochemshwa na kufunikwa, na chakula, ambacho huwekwa chini ya kawa au kwenye susu, kwani susu iliyoning'inizwa darini bado inawashinda sisimizi kuliko makabati mengi ya kisasa niliyoyaona. Msala huoshwa kila siku na atakayekuwa wa mwisho kuoga asubuhi, awe mume au mtoto.

Mwenzangu anaweza kuchagua tofauti. Mwenye mgonjwa au mzee ndani ya nyumba bila ya shaka ataweka chumba cha mgonjwa mbele ya vyote. Muhimu ni kwamba viwe vitatu, kwa sababu nilipojaribu vitano nilirudi kule kule kwenye kuchoka na kugomba.

Hodi ya tatu

Huku kwetu mgeni hapigi simu kabla ya kuja, na sioni sababu ya kumtaka aanze. Kilichonisaidia ni pakacha moja kubwa nyuma ya mlango wa ukumbi. Adabu tuliyofundishwa ni kuwa mtu hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa hurudi; basi kwa hodi ya mwanzo unavaa ushungi, kwa ya pili unakumbia ndani ya pakacha kila kilichopo sakafuni na juu ya makochi, na kwa ya tatu unasema karibu. Pakacha halipangwi wala halichambuliwi mchana. Jioni kila mtoto hulijia na kutoa chake, na kisichotolewa kwa siku tatu huwekwa juu ya kabati mpaka mwenyewe akiulize. Wasichana na wavulana wote hufanya hivyo. Mvulana asiyejua kukunja shati lake ni kazi tunayomwachia mke wa mtu mwengine miaka ishirini mbele.

Jambo jengine ni kuacha kuomba radhi. Tuna tabia ya kumpokea mgeni kwa kusema, "Samahani, nyumba leo imevurugika," na papo hapo mgeni, ambaye hakuwa ameona kitu, huanza kutazama. Mpe pahala pa kukaa pakavu, mpe maji, muulize khabari za nyumbani kwake. Mavyaa wangu alinifundisha hili bila ya kukusudia. Alikuja mwaka mmoja katikati ya msimu wa karafuu, mvua ilikuwa imetukimbiza, na karafuu zote mbichi zilikuwa zimemwagwa juu ya majamvi ukumbini mpaka pasiwe na pa kukanyaga. Nilimwamkia, nikambusu mkono, nikaanza maneno yangu ya radhi.

"Mwanangu," akanikata, "msimu kama huu, nyumba isiyokuwa na karafuu ndiyo ya kuiombea radhi. Nipe ungo."

Akakaa chini na kuchambua makonyo mpaka Alasiri.

Niseme hapa kwa wasiozijua nyumba za Wete au Konde wakati wa msimu: ua wote hugeuka jamvi, karafuu huanikwa siku kadhaa za jua kali mpaka zigeuke rangi ya kahawia iliyokoza, na wingu likionekana kila mwenye miguu hukimbia kuzianua, kwa sababu karafuu iliyolowa huharibika rangi na bei. Kwa wiki hizo mama asijipangie usafi wa aina yoyote zaidi ya pale patatu. Akijipangia, atagombana na watoto ambao wanafanya kazi ya haki, na nyumba haitasafika.

Kuta, mvua na chokaa

Hapa ndipo nilipopoteza fedha nyingi na ndipo ninapotaka msomaji asome taratibu. Nyumba nyingi za zamani visiwani zimejengwa kwa mawe na udongo, zikapigwa lipu ya chokaa. Kuta za namna hii hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa tena kwa kupumua, na ndiyo maana baada ya masika, baina ya Machi na Mei, huonekana madoa ya unyevu chini na unga mweupe wa chumvi juu yake. Nilipohamia katika nyumba tuliyonayo sasa, niliyaona madoa hayo kuwa aibu. Nikanunua rangi ya mafuta, ya kijani kibichi inayong'ara, nikapaka ukumbi mzima kwa ajili ya Idi. Idi ilipita vizuri. Masika yaliyofuata, rangi ilivimba mapovu kama maandazi, ikachanika vipande vikubwa na kuanguka pamoja na lipu ya chini, kwa sababu maji yaliyokuwa yakitoka polepole yalikuwa yamezibiwa njia. Kuziba kwa saruji huleta madhara ya aina hiyo hiyo, na ni magumu zaidi kuyarekebisha.

Ukuta wa zamani, basi, upakwe chokaa, na akubali mwenye nyumba kuwa chokaa haitakuwa laini wala haitadumu kama rangi ya dukani. Nunua iliyokwishazimwa, kwani kuzima chokaa mbichi kwa maji hutoa moto mkali na si kazi ya kufanywa penye watoto. Sugua ukuta kwa brashi ngumu ili chumvi na kuvu viondoke, kisha ulowanishe kwa maji, maana chokaa ikipakwa kwenye ukuta mkavu hukauka haraka mno na kupukutika. Ikoroge iwe nyepesi kama maziwa. Mkupuo wa mwanzo utakukatisha tamaa kwa kuwa huonekana kama maji machafu. Uache, utaanza kuwa mweupe unapokauka. Rudia siku ya pili na ya tatu, kila mara nyembamba. Vaa glavu, kinga macho kwa miwani kama unayo, na ikirukia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali. Kumbuka pia kuwa chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo aliyefanya kosa langu atalazimika kuikwangua kwanza.

Faida yake ni kuwa kuvu haipendi kuota juu ya chokaa, na gharama yake humwezesha mtu kurudia kila mwaka kabla ya Ramadhani. Ila yake ni kuwa hutoka: kila anayeegemea ukuta huondoka na mgongo mweupe, na kanzu nyeusi ya babu mmoja ilipata kutoka kwangu ikiwa na alama ya bega zima. Nimeona bora hivyo. Faida nyengine sikuitarajia. Kwa kuwa nilijua ukuta ungepakwa upya, niliacha kuwagombeza watoto kwa kuchora, nikawapa upande mmoja wa ukumbi, kuanzia sakafuni mpaka kimo cha mkubwa wao, uwe wao mwaka mzima. Kuta nyengine tatu wameziacha.

Kuhusu kuvu kwenye nguo, sogeza kabati liachane na ukuta kwa kiasi cha shibiri moja ili upepo upite nyuma yake, fungua madirisha mchana hata kama nje kuna mawingu, na usikunje nguo yoyote yenye baridi. Magodoro na mito hutolewa juani wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jua linapokuwa kali na hewa kavu kidogo. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na harufu ya unyevu katika chumba cha nyuma mwezi wa Aprili haimaanishi kuwa mama wa nyumba ni mvivu.

Siku yenyewe

Kwa aliye kazini, dakika thelathini baada ya Alfajiri hutosha kwa jiko na msala, na dakika ishirini jioni kwa pakacha. Nguo ninafua mara mbili kwa wiki, na kukunja ni juu ya kila mwenye nguo zake kuanzia miaka saba. Nguo za ndani na shuka hazipigwi pasi. Sare na kanzu za Ijumaa hupigwa. Mapazia hufuliwa kabla ya Ramadhani na kabla ya Idi kubwa, na baina ya hapo hakuna anayeyatazama isipokuwa mimi. Katika Ramadhani yenyewe ninapunguza hata haya, kwani futari ya watu saba na tarawehe haviachi nguvu ya kufuta vumbi.

Picha za nyumba zinazotumwa kwenye simu, zenye makochi meupe na vikombe vya kupangwa, zitazamwe kama mtu anavyotazama biharusi wa jirani, kwa kupendezwa na kwa muda mfupi.

Baada ya Isha, kinachobaki kinaweza kungojea kukuche. Vyombo vilivyoliwa samaki ndivyo pekee ninavyoviosha usiku, hata nikiwa nasinzia, kwa sababu paka wa mtaani kwetu wameshajifunza kufungua mlango wa jiko.