Una nyama kwenye begi na unaenda Marekani? Soma hii kabla hujafunga zipu

Jamani, kila ikikaribia Idi au Krismasi naona mama na mashangazi zetu wanafunga sambusa za nyama na kuku wa kukaanga wawapelekee watoto Columbus au Minneapolis, halafu vyote vinaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Inaniuma sana.

Anzia nyumbani. Nyama ya ng'ombe, mbuzi, kuku, nguruwe kutoka Kenya au Tanzania toa tu, hata kama umeikausha au umeikaanga mpaka ikakauka kabisa, maana huku kwetu magonjwa ya mifugo kama ule wa miguu na midomo bado yapo na wenzetu wanaogopa yasiingie kwenye mifugo yao. Sambusa nayo inahesabika ni nyama. Na wanachoangalia ni nyama imetoka nchi gani, sio umeinunua duka gani njiani. Nyamapori ndio usithubutu kabisa, faini yake inafika dola 250,000. Weka dagaa, samaki wa kukausha, majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, na uviache kwenye pakiti zake zenye lebo, risiti pia usitupe.

Ukipewa ile fomu ya forodha nenda swali la 11, linauliza kama umebeba chakula, nyama na vitu vya wanyama, weka NDIYO. Hata kama ni dagaa tu weka ndiyo. Viwanja vingi siku hizi fomu hawagawi, afisa anakuuliza kwa mdomo, basi mtajie kila kitu kimoja kimoja. Halafu kuna swali la kama umekuwa karibu na mifugo, na sisi tuliotoka kusalimia wazee kijijini zizini tumeingia, kwa hiyo sema ndiyo na viatu uvioshe kabla ya safari.

Mabegi unayachukua uwanja wa kwanza unaoingia Marekani, hata kama una ndege nyingine mbele. Pale kuna mbwa wa kunusa, wale beagle wadogo, akikaa chini mbele ya begi lako ujue kashanusa kitu. Ukishasema una chakula wanakupeleka kwa wakaguzi wa kilimo, begi linapita kwenye mashine, wanafungua, kisichoruhusiwa wanachukua wanakiharibu na wewe unaenda zako bila faini. Ukificha ndio balaa. Mwaka 2023 kuna mama alitoka Kenya akashukia Minneapolis na kinyesi cha twiga kwenye boksi, alitaka kutengenezea mkufu, kwa vile alisema mwenyewe walikichukua tu, angeficha ilikuwa faini ya dola 300 mpaka 1,000.

Kwa hiyo wakati wa kukata tiketi acha kama masaa matatu kabla ya ndege ya pili, foleni ya ukaguzi inaweza kuwa ndefu na mabegi lazima uyarudishe tena kwenye mkanda.