SOMO: Sabuni laini ya uso, na ile hatua ya pH ambayo wengi wanairuka

Swali ni lile lile kila wiki, linabadilisha nguo tu: "Nimetengeneza sabuni ya uso kwa vitu vya asili, mbona ngozi inabana?" "Mbona inawasha?" "Mbona imevunda baada ya siku kumi?" Naandika mara moja hapa, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamrudisha kwenye somo hili.

Upole wa sabuni ya uso hautoki kwenye asali, mshubiri wala maua ya waridi. Unatokana na mambo matatu: umetumia kisafishi gani na kwa kiasi gani, pH (kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali) imekaa wapi, na kihifadhi, yaani kinachozuia bakteria na ukungu, kinafanya kazi au kimelala. Hayo yakikaa vibaya, hata ukitia lita ya asali ngozi itabana tu.

VIPIMO (jumla gramu 100, kwa hiyo kila namba ni asilimia, ukitaka nusu kilo zidisha kwa 5)

Maji yaliyokenekwa: 75, yagawe 60, 10 na 5
Glisirini: 5
Zanthani ya unga (ya kuleta uzito): 1
Betaini ya nazi, ile ya majimaji (kisafishi): 10
Desili glukosaidi (kisafishi): 8
Sodiamu benzoeti (kihifadhi): 0.5
Potasiamu sobeti (kihifadhi): 0.3
EDTA ya sodiamu (msaidizi wa kihifadhi): 0.2

Pembeni andaa asidi ya sitriki: gramu 10 za unga ndani ya gramu 40 za maji yaliyokenekwa. Hiyo ni asilimia 20.

Zingatia kwamba malighafi za povu haziuzwi zikiwa kavu. Desili huwa na takriban nusu ya kisafishi chenyewe, nusu nyingine ni maji. Betaini huwa na karibu asilimia 30. Kwa hiyo gramu 8 za desili ni 4 tu za kweli, na gramu 10 za betaini ni 3. Jumla ni 7, na kwa uso zinatosha. Soma karatasi ya muuzaji wako. Kama yake ina nguvu tofauti, piga hesabu upya.

HATUA

1. Osha vyombo, vikauke, vipanguse kwa spiriti ya asilimia 70.

2. Pima kila kitu kwa mizani, hata maji.

3. Koroga zanthani ndani ya glisirini kwenye kikombe kidogo mpaka upate uji usio na punje. Hapo maji bado hayajaguswa.

4. Mimina uji huo kwenye zile gramu 60 za maji huku unakoroga. Acha dakika 30 ushike ute.

5. Yeyusha benzoeti, sobeti na EDTA kwenye gramu 10 za maji, kisha mimina kwenye ute.

6. Tia betaini, halafu desili. Koroga taratibu kwa mwiko. Usitumie mashine ya kusagia, utapata ndoo ya povu lisiloshuka.

7. Rekebisha pH. Hapa simama, soma mpaka mwisho ndipo ushike kitu. Ni hatua iliyowahi kuniharibia mchanganyiko mzima, na kosa lenyewe halionekani kwa macho.

Desili yenyewe ina pH ya 11.5 au zaidi, kwa hiyo mchanganyiko wako sasa uko upande wa alkali. Tunataka ufike kati ya 4.8 na 5.0. Siyo 5.5, siyo 6. Sababu ni kihifadhi. Benzoeti haiui kitu mpaka igeuke kuwa asidi ya benzoiki, na inayoamua ni pH. Kwenye pH 5 karibu asilimia 14 yake iko katika hali ya kupigana. Kwenye pH 6 inabaki asilimia 1.6 hivi. Sobeti nayo inashuka kutoka asilimia 36 hadi 5. Gramu ulizotia ni zile zile, lakini kihifadhi kimelala, na wewe hutajua mpaka chupa ianze kunuka.

Kabla ya kutia tone la kwanza la asidi, CHOTA GRAMU 10 ZA MCHANGANYIKO UWEKE PEMBENI. Hiyo ndiyo akiba yako. Ukipitiliza chini, unarudisha akiba kidogo kidogo na pH inapanda bila kuingiza kitu kigeni. Usikimbilie magadi ya kuokea mikate: yatatoa gesi, viputo vitanasa kwenye ute, na hutajua umeongeza kiasi gani.

Sasa tia asidi matone matano, koroga dakika nzima, pima. Mwanzoni pH huporomoka haraka. Ikifika 6 hivi huanza kushuka kwa kusita, kwa sababu benzoeti na sobeti zinaimeza asidi. Kusita huko ndiko kunakowadanganya watu; wanaona haishuki, wanamimina kijiko. Usimimine. Kuanzia 6 nenda tone moja, mawili.

Asidi ya unga usiitie moja kwa moja. Pale punje inapotua, pH inaanguka sana na benzoeti inageuka asidi ya benzoiki yote kwa mkupuo. Asidi hiyo huyeyuka gramu 0.34 tu katika mililita 100 za maji ya nyuzi 25. Inayobaki hujitenga kama vichembe vyeupe chini ya chombo. Ukiviona, kihifadhi chako kiko sakafuni mwa beseni, hakiko kwenye sabuni.

Kupima: chukua gramu 1 ya sabuni, changanya na gramu 9 za maji yaliyokenekwa, chovya karatasi ya kupimia pH kwenye mchanganyiko huo. Ute mzito hauloweshi karatasi sawasawa. Na karatasi za 1 hadi 14 hazifai kwa kazi hii, rangi ya 5 na ya 6 zinafanana mno. Tafuta zenye masafa mafupi, 4 hadi 7 kwa mfano, zinazopanda kwa nusu au chini ya hapo. Mwenye kipimo cha umeme akisahihishe kwanza kwa maji ya pH 4.00 na 7.00.

Sehemu kubwa ikifika 4.9, rudisha akiba yote, pima tena, malizia kwa matone.

8. Pima uzito. Jazia kwa zile gramu 5 za maji mpaka ufike 100. Asidi uliyotia imeshachukua sehemu yake.

9. Funika, acha usiku kucha viputo vipande juu na kutoka. Asubuhi pima pH tena. Ikiwa imesogea juu ya 5.0, ongeza tone. Tia kwenye chupa ya pampu.

10. Jaribu ndani ya mkono karibu na kiwiko: paka, suuza, mara mbili kwa siku kwa siku saba. Usiruke. Betaini ya nazi ilitajwa na chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kuwa kizio (kitu kinacholeta mzio) cha mwaka 2004, na glukosaidi mwaka 2017. Wengi hawadhuriki, ila wapo wanaodhurika.

MASWALI

Chungu Kipya: Naomba vipimo kwa vijiko, sina mizani.

Jibu: Havipo. Gramu 0.3 ya sobeti kwa kijiko ni kubahatisha. Nunua mizani inayosoma gramu 0.01, kisha urudi.

Kibuyu: Mwalimu, kihifadhi ni lazima? Mimi nataka ya asili kabisa, natia vitamini E.

Jibu: Ni lazima. Vitamini E inazuia mafuta yasichache, bakteria haiwagusi. Sabuni yenye maji na glisirini ni chakula chao, na huwa wamejaa muda mrefu kabla hujaona ukungu wala kusikia harufu. Kitu hicho unakipitisha karibu na macho. Hutaki kihifadhi, tengeneza unga mkavu wa kuoshea uso, uuloweshe kiganjani wakati wa kutumia. Huo hauna maji, hauhitaji.

Kibuyu: Lakini bibi zetu walitumia vitu vya asili na ngozi zao zilikuwa nzuri.

Jibu: Walisaga na kutumia siku ile ile, kilichobaki wakamwaga. Hawakuweka chupani miezi mitatu. Fanya kama wao na hutahitaji kihifadhi.

Mwanagenzi: Shikamoo mwalimu. Nimeelewa hatua zote, ila nina swali: kwa nini visafishi viwili? Kama desili ni laini, si niweke desili peke yake gramu 14?

Jibu: Marahaba. Swali zuri hili. Kisafishi kikiwa ndani ya maji hujikusanya katika vifungu vidogo sana, vichwa nje, mikia ndani. Kinachochokoza ngozi zaidi ni chembe zinazoelea peke yake nje ya vifungu, kwa sababu hizo ndizo zinazopenya kwa urahisi. Ukichanganya aina mbili, hujipanga pamoja vizuri zaidi, na chembe zinazobaki nje hupungua. Kwa hiyo 4 na 3 kwa pamoja ni pole kuliko 7 ya aina moja. Faida nyingine ni povu: la desili peke yake ni la viputo vikubwa vinavyopasuka upesi, betaini hulifanya zito na la kudumu.

Mwanagenzi: Asante sana. Na hiyo pH ya 5, ukiacha kihifadhi, ngozi yenyewe inajali?

Jibu: Inajali sana. Mwaka 1928 Schade na Marchionini walieleza kwamba juu ya ngozi kuna kile walichokiita vazi la asidi. Ngozi yenye afya iko karibu na 5. Vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya kuziba nyufa za tabaka la juu vinapenda asidi. pH ikipanda vinazorota, na vile vinavyokata kamba za seli vinachangamka. Ndiyo maana baada ya sabuni ya kipande uso unabana na siku chache baadaye unatoa magamba. Ngozi hujirudisha yenyewe, lakini huchukua saa kadhaa, na mtu mwingine huosha tena kabla haijamaliza.

Povu Jingi: Basi mkuu, si nikwangue sabuni ya mche, niiyeyushe, halafu niishushe pH kwa sitriki? Rahisi zaidi.

Jibu: Haiwezekani. Sabuni ya mche ni chumvi ya asidi za mafuta. Ukiitia asidi unaigeuza kuwa mafuta tena. Itakuwa nyeupe kama maziwa yaliyokatika, mabonge juu, maji chini. Sabuni ya kweli huishi kwenye 9 na 10, ukiishusha imekufa.

Povu Jingi: Na slesi (SLES, kisafishi cha sabuni nyingi za maji) je? Ndiyo ninayo ndani.

Jibu: Inasafisha, lakini kwa uso ni kali kuliko desili. Kama huna kingine, itumie kidogo, na betaini iwe nyingi kuizidi. Kumbuka slesi ya uji mzito huwa na asilimia 70, usiipime gramu kwa gramu na desili.

Chungu Kipya: Nimetia maji ya limau badala ya sitriki, pH imegoma kwenye 6.

Jibu: Nimeandika asidi ya sitriki. Limau halina nguvu moja. Hili lina asidi nyingi, lile kidogo. Lina sukari inayowalisha bakteria, na maganda yake yana kitu kinachoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Mwaga, anza upya.

Ute wa Yai: Samahani, yangu ina vidonge vya ute visivyoyeyuka, kama sago. Nilifuata hatua ya 3, zanthani ilichanganyika vizuri na glisirini.

Jibu: Usiombe samahani, umefuata. Kikombe ulikikausha? Tone moja la maji kwenye glisirini linatosha; zanthani inavimba nje, ndani inabaki kavu. Mchanganyiko wako usitupe: uache usiku mzima, kisha uchuje kwa chujio la matundu madogo. Utapoteza uzito kidogo wa ute tu.

Ute wa Yai: Ulikuwa umetoka kuoshwa, kweli. Naweza kuongeza chumvi iwe nzito zaidi, kama wanavyofanya kwenye sabuni ya maji?

Jibu: Chumvi inafanya kazi kwenye slesi. Desili haijali sana. Ukitaka uzito, panda hadi 1.2 ya zanthani, usizidi hapo, itaanza kuvutika kama kamasi.

Mtungi: Naongezea kwa anayetumia koko glukosaidi, kisafishi ndugu yake, badala ya desili. Sehemu yenye baridi huganda au huweka ukungu mweupe chini ya dumu. Haijaharibika. Weka dumu kwenye maji ya uvuguvugu, likoroge lote ndipo upime, la sivyo unachota ya juu tu ambayo siyo sawa na ya chini.

Jibu: Ahsante Mtungi, hilo nililisahau. Koko nayo pH yake ni ya juu kama desili, kwa hiyo hatua ya 7 iko pale pale.

Mwanagenzi: Na vipodozi visivyotoka kwa maji, hii itaviondoa?

Jibu: Siyo vyote. Paka kwanza mafuta mepesi kwenye uso mkavu, sugua kwa vidole dakika moja, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo uoshe na hii. Usiongeze desili ili kulazimisha. Utavua vipodozi na mafuta ya ngozi kwa pamoja.

Chungu Kipya: Mizani nimepata. Karatasi za pH zangu ni za 1 hadi 14, zitafaa?

Jibu: Soma hatua ya 7, aya ya kupima.