Mashine ya boti ya tustroki imechoka? Isome pistoni iliyokufa kabla hujanunua mpya

Hizi mashine za tustroki (zile ambazo oili inachanganywa kwenye petroli) za hospawa 15, hasa Yamaha Enduro ambazo zimejaa kuanzia Mafia na Kilwa mpaka mialo ya Ziwa Victoria, zikichoka zinaonyesha dalili zilezile. Kamba unavuta mpaka bega linauma, ikiwaka haikai sailensa (haingurumi yenyewe bila kuongezewa mafuta), ukiipakia watu na nyavu inajikokota tu, moshi kibao. Tajiri akiona hivyo anakimbilia dukani kuchukua pistoni na ringi (pete za chuma zinazoizunguka), fundi anafunga, mashine inarudi majini na haichukui muda inanoki tena, na mara nyingi silinda ileile. Hapo ndo lawama zinaanza, mara spea feki, mara fundi hajui kazi, kumbe pistoni ya kwanza iliuliwa na kitu na hicho kitu bado kimo mlemle ndani.

Kabla hujagusa spana pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote mbili, chomoa ile klipu ya kamba ya kuzimia ili moto usipige na koili isiungue, fungua moto wa mkononi (mkono wa kuongezea mafuta) mpaka mwisho, funga geji halafu vuta kamba mpaka mshale ugome kupanda. Geji za mtaani kila moja inasema lake kwahiyo usiishike sana namba yenyewe, shika tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini, zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi ujue kuna jambo. Sasa mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi la ile dhaifu upime tena. Ikipanda vizuri basi ringi au silinda imekwisha, ikibaki palepale angalia gasketi ya hedi au pistoni yenyewe imetoboka.

Ikishakuwa ni ringi, injini lazima ishuke yote. Hii sio pikipiki kwamba unachomoa silinda huku kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) imebaki kwenye fremu, mashine ya boti bloku yake imeungana na nusu ya kesi ya kranki, kwahiyo unapasua kesi na pistoni zinatoka pamoja na kranki. Flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya kranki) itoe kwa pula, kifaa cha kuivutia nje, jamani, achaneni na tabia ya kubetua na bisibisi mbili huku mwenzako anagonga nyundo, utapinda ncha ya kranki na hapo hasara imeshakuwa nyingine. Bolti za mashine iliyokaa chumvini nazo zina kiburi chake, chuma kimegandana na aluminiamu, ukilazimisha inakatika. Paka dawa ya kulegezea kutu jana yake, pasha moto ile aluminiamu inayozunguka bolti na sio bolti, kaza kidogo kwanza ndo ulegeze, nenda rudi nenda rudi mpaka ikubali.

Sasa pistoni iko mkononi. Ifute, kaa nayo kwenye mwanga mzuri. Mikwaruzo ikiwa imeizunguka pande zote, injini ilichemka: maji hayakuwa yanazunguka, au aliyechonga silinda mara ya mwisho aliibana mno. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosti tu huku upande wa pili unang'aa, hapo oili ilikuwa ndogo au mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, maana upande wa ekzosti ndo wenye joto kali na ndo unaoanza kufa. Kichwa kikiwa kimetoboka katikati au kimemomonyoka ukingoni kama kimetafunwa na panya, tena hewa ilizidi, au kuna mtu alifunga plagi isiyo saizi ya joto ya mashine hiyo. Ringi zikiwa zimeganda kwenye mifereji yake kwa masizi meusi, mwenyewe alikuwa anaweka oili yoyote anayoipata, na wapo wanaoweka hata ile chafu iliyomwagwa kwenye gari.

Inayowachanganya wengi ni pale pistoni moja imekufa na ya pili bado safi. Kabureta ni moja, inalisha silinda zote mbili, kwahiyo ingekuwa shida ni mafuta au oili kidogo zingeumia zote. Ikifa moja peke yake, wa kwanza kushukiwa ni oili sili ya kranki ya upande huo, ile pete ya mpira inayoziba hewa isipenye. Tustroki haivuti mchanganyiko moja kwa moja kwenye silinda, inauvuta kwanza tumboni kwenye kranki halafu ndo unasukumwa juu. Sili ikichoka tumbo linavuta hewa tupu, mafuta yanapungua, na oili nayo inapungua palepale kwa sababu inasafiri ndani ya petroli. Injini inachemka, tena kwa siku chache inaweza hata kukimbia vizuri kuliko kawaida, nahodha anafurahi, kumbe inaaga. Mimi kesi ikishapasuliwa sili zote nabadilisha bila mjadala, tajiri akisema za zamani bado nzuri namwambia achukue mashine yake, maana kuirudia kazi hiyo ni kushusha injini upya.

Silinda nayo ipimwe. Mwenye maikromita ya ndani apime juu, kati na chini, halafu azungushe apime kwa mkato, na asiruke usawa wa tundu la ekzosti maana hapo ndo panapolika sana. Ambaye hana atumie ringi mpya na fila geji (vile visahani vyembamba vya kupimia mwanya). Iingize ringi kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake pale chini kabisa ambapo ringi hazifiki, kisha pima juu inakotembea ringi. Chukua tofauti ya mianya hiyo gawa kwa 3.14, hicho ndicho kipenyo kilichoongezeka. Mfano chini umepata 0.20 na juu 0.50, tofauti ni 0.30, ukigawa unapata kama 0.10 ya milimita, na silinda ya hivyo ukiifungia ringi mpya bila kuchonga umetupa hela.

Ova saizi, yaani pistoni kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, zinazopatikana ni za milimita 0.25 na 0.50. Nunua pistoni kwanza halafu umpelekee mchongaji wa leizi pistoni yenyewe mkononi, aipime, achonge silinda kwa kuifuata. Usimtajie saizi kwa mdomo. Mwambie pia avunje makali ya kingo za matundu ya ndani ya silinda, kingo ikibaki kali itakamata ringi siku ya kwanza tu. Bloku ikirudi ioshe kwa maji ya moto na sabuni, petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la kuchongea, pitisha kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe, na hapohapo paka oili kwa sababu kutu haichelewi.

Kufunga hakuna maneno mengi. Pistoni ina maandishi UP, yaelekee upande wa flaiwili. Kila mfereji wa ringi una kipini kidogo, ncha za ringi zikae juu ya hicho kipini, zikikaa pengine zitavunjika. Klipu za pini ya pistoni weka mpya. Kesi ya kranki haina gasketi ya karatasi, paka gundi ya gasketi nyembamba tu, ile inayofurika kwa ndani ikikatika inaenda kwenye beringi. Hedi isugue kwenye kioo kilichowekewa msasa laini mpaka iguse pote, halafu kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu.

Impela ya pampu ya maji ibadilishe hata kama inaonekana nzima, na njia za maji kwangua chumvi zote. Usiiwashe nje ya maji hata kwa sekunde chache ati unasikiliza mlio, tumbukiza kwenye pipa, na ule mkojo wa maji usipotoka zima.

Saa 10 za kwanza changanya 25 kwa 1, yaani lita 20 za petroli na mililita 800 za oili ya boti yenye alama ya TC-W3. Baada ya hapo 50 kwa 1, mililita 400. Oili ianze na petroli kidogo, tikisa dumu, ndo ujaze. Saa ya kwanza usivuke nusu moto, ya pili robo tatu, zinazobaki unaweza kuifungua yote ila sio kwa zaidi ya dakika 5 mfululizo. Zikiisha toa plagi uziangalie. Kahawia ni sawa, nyeupe kavu ujue kuna hewa inapenya mahali, rudi kwenye sili na gasketi ya kabureta kabla hujaipakia mzigo.