Fidla ya zamani mkononi: ikague hivi kabla ya kutaja bei

Fidla nyingi za zamani ninazoletewa zina lebo ndani: "Antonius Stradivarius Cremonensis". Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla anayetajwa hapo kwa Kilatini, alifariki Cremona, Italia, mwaka 1737, na vyombo vyake vilivyobaki ni takriban 650. Karne ya 19 karakana za Ujerumani na Ufaransa zilibandika lebo hiyo kwenye maelfu ya fidla zilizofuata umbo lake. Kwa hiyo soma mbao kwanza.

Hatua ya 1. Mulika tochi ndogo kwenye tundu la herufi f. Chini ya jina la fundi kukiwa na jina la nchi kwa Kiingereza, fidla karibu hakika ni ya baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa za nje zionyeshe zilikotoka.

Hatua ya 2. Tazama mstari mweusi unaozunguka ukingo. Ulio halisi ni vipande vitatu vyembamba vya mbao vilivyozamishwa kwenye mfereji, na kazi yake ni kuzuia ufa wa ukingoni usiingie katikati. Chunguza palipolika: wa rangi hufutika, wa mbao huendelea kwenda chini.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, fidla za Cremona zilibadilishiwa shingo ili zipate ndefu zaidi, lakini kichwa cha awali kikabakizwa. Basi tafuta kiungo pembeni mwa kisanduku cha vigingi vya kukazia nyuzi. Karakana nyingine zilichora mstari wa kisu tu kuigiza kiungo hicho. Fuata nyuzi za mbao kwa kioo cha kukuzia: zikivuka mstari bila kukatika, hapo hapajaungwa kitu.

Hatua ya 4. Usipige msasa, usipake vanishi mpya. Tafadhali sana. Vanishi ya awali ni sehemu kubwa ya thamani, na ikishatoka hairudi. Fidla ya Stradivari iitwayo "Lady Blunt", ya 1721, iliyouzwa mwaka 2011 kwa karibu dola milioni 16, ilisifiwa hasa kwa kutunzwa vizuri. Wala usilegeze nyuzi zote kwa pamoja, kijiti cha ndani kinachobanwa na mkazo wake kinaweza kuanguka.

Hatua ya 5. Ikipita hapo, ipeleke kwa mtaalamu anayepima pete za ukuaji wa mti. Kipimo hicho hakitaji fundi. Kinaonyesha mwaka ambao kabla yake ubao usingeweza kuchongwa.

Ikiwa ni ya karakana, bado inaweza kuwa na sauti nzuri. Itengenezee daraja jipya (kibao kinachoinua nyuzi), funga nyuzi nzuri, mpe mpiga taarab aijaribu.