Jinsi ya Kuchunguza Mwezi na Mvutano kwa Vipimo vya Leza

Huhitaji darubini ili kuanza kazi hii, kwa kuwa vipimo vya miaka mingi, vilivyopatikana kwa kurusha mwanga wa leza kutoka vituo vya duniani hadi Mwezini, huhifadhiwa na International Laser Ranging Service (huduma ya kimataifa ya upimaji kwa leza) na vinaweza kupakuliwa kupitia intaneti. Chagua kwanza vipimo vya kiakisi, yaani kifaa cha kurudisha mwanga ulikotoka, kilichoachwa Mwezini na Apollo 15 mwaka 1971: kina vipande 300 vya kioo, mara tatu ya vile vya Apollo 11 au Apollo 14, na ndiyo maana hurudisha mwanga mwingi zaidi.

Kila kipimo hutaja muda ambao mwanga umetumia kwenda na kurudi. Ukiwa sekunde 2.57, uzidishe kwa kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde, kisha ugawanye kwa mbili, nawe utapata takriban kilomita 385,233. Kosa la nanosekunde moja tu (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) hupotosha umbali huo kwa sentimita 15.

Hata hivyo, huo ni umbali wa awali tu, na kazi yenyewe huanzia hapo. Dunia huendelea kuzunguka wakati mwanga ukiwa safarini, kwa hiyo kokotoa mahali kituo kinachorusha leza kilipokuwa mwanga ulipoondoka na tena uliporejea. Ondoa ucheleweshaji wa angahewa, unaofikia kama mita mbili Mwezi ukiwa utosini na huongezeka Mwezi unaposhuka kuelekea upeo wa macho. Zingatia pia kwamba ardhi yenyewe, pamoja na kituo kilicho juu yake, huinuka na kushuka kwa makumi ya sentimita kwa mvuto wa Mwezi na Jua.

Sasa linganisha umbali uliopimwa na ule unaotabiriwa na modeli ya mizunguko ya Dunia na Mwezi, kisha uichunguze kwa makini tofauti inayobaki. Kwa njia hii imethibitika kwamba Mwezi hujitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kama Dunia na Mwezi huanguka kuelekea Jua kwa mchapuko uleule, kama nadharia ya Einstein inavyodai. La sivyo, tofauti inayobaki kati ya kipimo na utabiri ingepanda na kushuka kila baada ya siku 29.53, ikifikia vilele vyake Mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu. Nyakati hizo ndizo ngumu zaidi kupima kwa sababu ya mwanga wa Jua. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza matokeo yoyote, hesabu una vipimo vingapi karibu na kila kilele.